Kura ya Baba Mkubwa Iliyopigwa kwa Stima

Leo Baba Mkubwa ameinua mkono nikubaliwe kwenda chuo, na mkono wenyewe haukumwomba ruhusa.

Kikao cha familia kilikuwa hapa kwetu Merigi. Nisomee uhandisi wa vifaa vya matibabu, au nikachume majani chai?

"Msichana na stima!" Baba Mkubwa akacheka.

Dada yake mkubwa, shangazi yangu Senge Tabitha, ametengeneza vifaa vya kuamsha neva tangu miaka ya sabini. Alikuwa amembandika Baba Mkubwa kimoja begani, maana mkono wake wa kulia ulilala alipopata kiharusi.

"Hata hakifanyi kazi," Baba Mkubwa akamwambia Senge.

Pasta aliyeongoza kikao akasema, "Wanaokubali asome wainue mikono."

Senge akabonyeza kitufe cha kifaa.

Mkono ukapanda! Baba Mkubwa akaushika kwa ule wa kushoto aushushe, yote miwili ikabaki juu.

"Pasta, mwandike," Senge akasema. "Amekubali mara mbili."

Mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu nisicheke. (Mnanijua.)

Niambieni, kura hiyo ni halali?

Maana baadaye Baba Mkubwa alinong'ona akiomba abaki na kifaa.

"Kikiharibika atakitengeneza nani?" Senge akamuuliza.

Baba Mkubwa akanigeukia.

"Chuo kinafunguliwa lini?"