Taa Iliyowaka Sana

Poste ya marehemu bwana yangu ilikaa miaka mingi juu ya kabati, hapa kwetu Muhumba, bila kusema neno. Ni redio ya zamani, ya mbao, yenye lampe za kioo ndani, nzito kama mbuzi. Mimi sikusoma sana, lakini nilizaa watu wa akili. Mujukuu wangu wa kike ni fundi wa umeme, na wanaume wa avenue yetu wanamuletea friji zao wakiangalia chini.

Aliifungua, akaisafisha kwa burashi. Akaniambia, «Koko, lampe moja ikiungua, hii poste imekufa kabisa. Nimezunguka soko yote ya Kadutu, hazipatikane tena.»

Hakuichomeka moja kwa moja kwenye ukuta. Alifunga kwanza ampoule, taa ya kawaida ya nyumba, katikati ya waya, umeme upite humo mbele ya kufika kwenye poste. Akachomeka. Ampoule ikawaka pwaa, chumba chote cheupe. Nikapiga makofi.

«Leo courant iko muzuri, umeme umejaa!» nikasema.

Akachomoa mbio. «Unashangilia nini, Koko? Ikiwaka hivi, ndani kuna ubaya, poste inavuta umeme mwingi sana. Bila hii ampoule, poste ingekuwa majivu.»

Tangu lini, hapa Bukavu, taa nyeupe ikawa habari mbaya? Nikaingiza mukono nione huo ubaya. Akaupiga. Mutoto niliyemubeba mugongoni, akanipiga mukono.

«Hata ikichomolewa, umeme unabakia ndani. Unataka nikuzike?»

Siku mbili alikata vidude vya kushika umeme, vilivyokuwa vinatokwa nta kama mushumaa, akaweka vipya. Tukarudilia. Ampoule ikawaka, halafu ikaanza kufifia, ikawa nyekundu, sawa vile courant inafanyaka ikitaka kwenda. Courant ya namna hiyo inaua vitu, najua. Nikashika waya nichomoe.

«Acha, Koko. Inafifia kwa sababu poste iko muzuri.»

Niliachilia, lakini jasho lilinishuka mpaka kiunoni. Lampe za ndani zikapata wekundu kidogo. Vumbi likanuka moto. Yeye aliinama, ananusa kama mutu mwenye kusahau maharagwe jikoni. Poste ikavuma, ikakohoa. Kisha mwanaume mumoja akasema kwa sauti ndogo, kwa luga nisiyoijua.

«Anasema nini?»

«Sijui, Koko.»

«Anasema wewe ni fundi. Usiguse kitu, umuache amalize.»