Koti la Mvua kwa Kiholanzi

Jumapili, Aprili 1999. Manyunyu tangu asubuhi. Kuta za chumba zinatoa jasho, na viatu vya sampuli nilivyonunua soko la Zhanxi, huku Uchina, vimeota ukungu.

Sijui kama haya yanastahili kuandikwa. Mimi ni wa darasa la saba na chuo cha Kurani, basi. Leo nilikuwa nampigia simu binti yangu. Ana miaka sita, anaishi Uholanzi na mama yake, ambaye tuliachana naye kwa salama. Kiswahili kimemtoka. Simu iliyopita alisikiliza kidogo, akamrudishia mama yake. Mama yake simlaumu. Ndiye aliyenitumia karatasi za shule za mtoto, zenye maneno yaliyokatwa vipande, akasema nijaribu hayo, mtoto anayapenda.

Waholanzi hugandisha maneno mawili yakawa moja. Mvua na koti: re-gen-jas. Jua na ua: zon-ne-bloem. Usingizi na chumba: slaap-ka-mer. Vipande niliviona, ila karatasi haikusema kipi kitiwe nguvu. Nikayakariri wiki nzima kwa sauti ya chuoni, nikiyumba, nikikaza kipande cha kabla ya mwisho kama tunavyokaza maneno yetu.

Mwenzangu wa chumba, mfanyabiashara wa Mombasa, alikuwa akifunga marobota.

"Sheikh, wasoma Kiholanzi ama wahitimisha Juzuu?"

"Nasoma."

"Basi nipe kijiti nikuchape ukikosea. Ingawa ukikosea n'tajuaje?"

Saa kumi nikaenda kibanda cha simu. Mtoto alipokea.

"Re-GEN-jas," nikasoma.

Nikarudia. Nilisikia pumzi zake tu, nikajua sasa simu inarudi kwa mama yake.

Nikasikia makofi. Moja zito, mawili mepesi: "RE-gen-jas." Mama yake akasema kwa mbali, "Shuleni wanapiga hivyo. Anataka upige naye."

Nikabana simu begani, nikapiga. Mwenye kibanda, mama wa Kichina, akaacha kumenya karanga akanitazama. Zito mbele, mepesi nyuma. ZON-ne-bloem. Nilipokosea slaapkamer alikataa, "Nee, papa," akanianzisha upya. Alinianzisha tena na tena, bila kuchoka.

Maneno yakaisha. Nilitaka kumuuliza kama koti lake la mvua linamtosha bado, kama anaogopa kulala peke yake. Sikuwa na Kiholanzi cha kuulizia. Halafu akaniaga, "Dag, papa," akakata mwenyewe. Safari hii hakumpa mama yake simu.

Pengine alikuwa anacheza tu, na angecheza vivyo hivyo na mtu yeyote. Sitaki kujiandikia zaidi ya nilichosikia.

"Umefuzu?" mwenzangu aliuliza niliporudi.

"Kidogo."

Tulikula wali, samaki wa kukaanga na mboga za majani alizotia kitunguu saumu kingi. Yeye alimaliza kwanza. Mimi niliacha nusu ya samaki.