Muziki Chini ya Chumba cha Eda

Harufu ya boga linalochemka ndani ya tui la nazi, lenye iliki na chumvi kidogo, ndiyo inayonirudisha Kilburn, mtaa wetu wa ughaibuni, mwaka ule niliokuwa na miaka tisa. Kila ilipokaribia Halloween, ile sikukuu ya kutishana, watoto wa jengo letu walichonga maboga wakayafanya sura za kutisha, na nyama yake wakaitupa. Mama hakuweza kulivumilia jambo hilo. Alisema chakula hakitupwi kwa sababu ya mchezo, akawaambia watuletee, nao wakawa wanapanda ngazi na mabakuli yaliyojaa nyama ya manjano iliyochanganyika na mbegu. Mwaka ule walipanda kama kawaida, lakini waligonga mlango taratibu, kwa kidole kimoja. Wazazi wao walikuwa wamewaambia kwamba baba yangu amefariki na mama yangu amekaa eda. Wengi hawakujua eda ni kitu gani. Walijua tu kwamba Mama Zuhura hatoki nje, amevaa nguo zisizo na mapambo, na nyumba yake hainukii udi kama zamani. Waliniachia bakuli mikononi wakashuka wakinyata, kama vile ndani kuna mtu aliyelala.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Hayes. Alitoka asubuhi akiwa mzima, na jioni tukaitwa hospitali. Sina mengi ya kusema juu ya hilo hata leo. Nyumba ilijaa wanawake, Kurani ikasomwa, vikombe vya chai vikapita, na juu ya yote palikuwa na utulivu, maana kwetu Pemba kwenye nyumba iliyofiwa hapapigwi muziki, na jirani mwenye adabu naye huzima redio yake. Kabla matanga hayajaondolewa, alikuja jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mama Neema. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, msafishaji wa maofisi na mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alikuja na wanakwaya wenzake na spika yenye magurudumu, kwa sababu kwao mfiwa haachwi kwenye kimya. Anaimbiwa mpaka apate nguvu. Mjomba Amour, kaka yake Mama, aliwakuta mlangoni.

"Dada yangu, hapa tuna msiba," alisema.

"Ndiyo maana tumekuja," Mama Neema akajibu.

Mjomba alitikisa kichwa na kuuegemea mlango. Hakumfokea, lakini hakumpisha. Nilisikia magurudumu ya ile spika yakipanda ngazi moja baada ya nyingine, na tangu siku hiyo Mama Neema, aliyezoea kuingia kwetu bila hodi, hakuingia tena.

Oktoba ikafika na baridi yake na majani yake yaliyolowa kwenye lami. Sherehe ya watoto ilifanyika kila mwaka kwenye ukumbi wa jengo, na ukumbi huo ulikuwa chini kabisa ya chumba cha Mama. Mama Neema ndiye aliyesimamia muziki, kwa kuwa spika ilikuwa yake, na kila mwaka palikuwa na vita. Penye wengi pana mengi. Yeye alitaka nyimbo za kwaya, akisema kama ni lazima watoto wavae sura za mashetani, basi angalau masikio yao yasikie jina la Mungu. Vijana walitaka mdundo unaotikisa kifua. Bwana Dermot, mzee wa Ireland aliyeishi karibu na mlango mkubwa, alitaka fidla za kwao. Na Mjomba Amour, aliyeapa kwamba Halloween haimhusu, hakukosa kushuka na taarabu zake. Lakini mwaka ule hapakuwa na ubishi wowote. Mama Neema alisema muziki hautapigwa. Watoto watakula, watatishana, watarudi nyumbani.

Habari hiyo nililetewa na Neema, binti yake, aliyenizidi miaka mitatu. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi. Alielewa Kiswahili changu lakini alinijibu kwa Kiingereza siku zote. "Kwa hiyo hatuchezi kwa sababu ya baba yako," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amehuzunika tu, na maneno yake yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yaliuma. Nilitaka kucheza. Na zaidi ya kucheza, nilitaka watoto wa jengo wasimkumbuke Baba kama mtu aliyewazimia muziki. Alikuwa mtu wa kuwanunulia barafu wote, hata wale waliompigia kelele dirishani.

Nilimkuta Mama jikoni akikoroga boga. Nikamuuliza, "Mama, eda yako ni yangu pia?"

Mwiko ukasimama. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza. Alipunguza moto, akafuta mikono. Kisha akasema, "Hebu kamwite Mama Neema."

Mama Neema alikuja na kukaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mwanawe.

"Shoga yangu," Mama akamwambia, "eda ni yangu mimi. Watoto wa jengo zima hawakufiwa na mume."

"Miye naogopa, dada. Ile siku nilikosea. Sitaki kukosea mara mbili."

"Hukukosea. Wewe ulikuja na ya kwenu, ukatukuta na ya kwetu. Ninachotaka ni kimoja tu. Nikisujudu, nisisikie ngoma kwenye paji la uso."

Hivyo ndivyo muziki wa mwaka ule ulivyochaguliwa, na sijui kama upo uliopata kuchaguliwa namna hiyo. Jumamosi asubuhi Mama alikaa juu ya mswala chumbani kwake, Mama Neema na wengine wakasimama ukumbini na spika, nami nikawa mjumbe wa kupanda na kushuka. Fidla za Bwana Dermot zilipita mara moja. Mama alisema ni kama nzi aliyeko nyumba ya pili. Taarabu ya Mjomba nayo ikapita, akajivuna mpaka mabega yakapanda. "Mnaona? Muziki wa waungwana hauvunji dari." Ukaja wa vijana. Nilikuta kabati la vyombo linalia lenyewe.

"Mama anasema glasi zinatembea!" nikapiga kelele kutoka kwenye ngazi.

"Zinakwenda wapi?" Mjomba akauliza. "Toeni huo! Ngoma ivumayo haidumu."

"Nawe Mjomba unavuma," Neema akamjibu, safari hiyo kwa Kiswahili kabisa, na Bwana Dermot, ambaye hakuelewa hata neno, akacheka kwa sababu wote tulicheka.

Mama alituma kwamba wasiutoe, waupunguze mdundo. Neema alizungusha vitufe mpaka zikabaki sauti za juu tu, nyembamba kama za mbu. "Huu si muziki, ni homa," alilalamika, lakini miguu yake ilikuwa inacheza.

Wa mwisho ulikuwa wa Mama Neema. Aliuweka chini kiasi kwamba hata sisi ukumbini tuliusikia kwa shida, sauti za wanawake zikiitikiana bila ngoma. Nilipofika juu nilikuta Mama amekwisha kuinua kichwa.

"Kaulize huo ni upi."

Nilishuka nikauliza. Mama Neema alitazama viatu vyake. "Mwambie ni ule. Tuliokuja nao ile siku."

Niliyabeba maneno hayo kwa kupanda polepole, nikiwa na hakika kwamba yataharibu kila kitu. Mama aliyasikia, akatazama sakafu. Halafu akasema, "Waambie waongeze kidogo."

Niliporudi kwake alikuwa ameweka kiganja sakafuni, vile mama anavyogusa paji la mtoto kujua kama ana joto, na machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. Tangu Baba azikwe sikuwa nimemwona akilia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikaa kando yake mpaka wimbo ukaisha. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaniambia, "Shuka. Mwambie Mama Neema pole yake imefika."

Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu wote. Mama Neema alijifunika uso kwa kitenge chake. Mjomba Amour akavuta kiti, akamkalisha, akasimama nyuma yake asijue mikono yake aiweke wapi. Mwishowe akasema tu, "Nisamehe, dada yangu." Sherehe ilianza saa kumi na moja jioni. Nilitaka kuvaa shuka jeupe niwe mzuka, lakini Mama alisema la, shuka jeupe hapana, akanichorea sharubu za paka kwa wanja. Nilicheza mpaka sharubu zikayeyuka.

Mama alitutoka mwaka huu, kabla ya joto kuanza. Ninaishi Kenton sasa, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Jengo letu ni zuri kuliko lile la Kilburn. Halina ukungu kwenye kuta, lifti inafanya kazi, na simjui mtu hata mmoja kwa jina. Zamani tuliingiliana mno, na mara nyingine ilikuwa kero, sitaki kudanganya. Wiki ile ya msiba wa Mama, jirani wa chini alipiga muziki kila jioni. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Nililala nikiusikia sakafuni, nikangoja mtu apande kuniuliza, mpaka nikaelewa kwamba mjumbe hayupo. Basi nikashuka mwenyewe. Alifungua mwanamke wa makamo mwenye taulo kichwani, uso umejiandaa kwa ugomvi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimefiwa na mama yangu, asizime, apunguze tu mdundo. Alikwenda kuuzima wote. Aliporudi mlangoni aliniuliza Mama alikuwa anaitwa nani. Tangu mazishi wote walikuwa wakimwita marehemu, au Mama Zuhura, kwa jina langu, na mimi mwenyewe maisha yangu yote sikuwa nimemwita kwa jina lake. Nikasimama pale kwenye zulia la watu, nikalitamka.

"Shufaa," nilisema. "Aliitwa Shufaa."