Kima Hana Haya

Kaka yangu ni mtunza wanyama katika maabara inayochunguza maradhi ya zinaa. Kila asubuhi huwapangusa kima majike sehemu za siri kwa pamba, maana wataalamu wanataka kujua ni siku zipi za mwezi virusi vinavyofanana na vya UKIMWI huwapenya kwa urahisi, na kidonda huvifungulia mlango kiasi gani. Mtaani humwita Mkunga wa Kima. Nyumbani yeye husema tu kwamba analisha wanyama.

Jioni moja nilimkuta na bintiye, fundi cherehani mtu mzima, aliyeketi upande mmoja wa kiti kama aliyekalia sindano.

"Baba, ile dawa mnayowapa kima wenye vidonda, huwezi kuniletea kidogo?"

"Ya nini?"

"Vipele."

"Viko wapi?"

Binti akatazama mlango. Kaka akatazama kikombe. Mimi nikaitazama simu yangu, nayo ilikuwa imezima.

Kaka akakohoa. "Kuna kima mmoja kazini. Naye alianza hivyohivyo, akawa anajificha pembeni..."

"Yaani mimi kima?"

"Sijasema hivyo, mama!"

"Umesema hivyohivyo! Basi, nitanunua vidonge dukani." Akachukua mkoba.

Kaka akamtangulia mlangoni, akasimama amempa kisogo. Akauambia ua wa nyumba: "Huenda hivyo vipele ni vidonda vya zinaa. Ukibahatisha dawa vinaweza visipone, na virusi vya UKIMWI vikija vitapita hapohapo. Nenda zahanati. Na mwenzako atibiwe."

Masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya.

"Muuguzi akiniuliza, nitashindwa kusema," binti akanong'ona.

"Nitasema mimi."

Asubuhi niliwasindikiza hadi zahanati. Dirishani muuguzi akauliza kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho: "Tatizo nini?"

Binti akainama. Kaka akanyooka kama anayetoa taarifa kazini. "Jike mmoja, mzima, anakula vizuri, vidonda sehemu za..." Akasita. Benchi zima likageuka. "Binti yangu," akasema, sauti imekatika. "Ni binti yangu."

Niliinamisha uso. Binti alijifunika kwa mtandio, mabega yakitikisika, nikadhani analia.

"Anakula vizuri, baba?" akauliza kwa kicheko kilichochanganyika na machozi. Kisha akaingia kwa muuguzi, na baba yake akabaki akiitazama sakafu.