Oili ya Kupaka Nguzo

Juzi nilikuwa gereji pale Mikumi, fundi akafungua nati ya chini ya injini ya pikapu yangu, ile inayonibebea nyanya sokoni. Kilichotoka, rafiki yangu, kilikuwa uji mweusi wenye chenga za mchanga. Harufu yake ilikuwa kali mpaka nikageuka nikatema mate. Na oili hiyo niliinunua mpya majuzi tu, kopo linang'aa, sili haijaguswa. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ilikuwa imeshakufa.

Harufu ile naijua tangu utotoni. Nimelelewa Ulaya, hii Ulaya yetu, kijiji cha Kilosa, kwa bibi yangu aliyekuwa na mashine ya kusaga. Akina mama walikuja kutoka hata Kisanga na mahindi kichwani, injini ikidunda tuku-tuku mchana kutwa, nasi wajukuu tukilamba unga wa moto viganjani. Bibi hakuamini maandishi ya kopo. Alidondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe, akaiacha dirishani hadi kesho yake. Oili njema ilitambaa ikaacha duara safi la rangi ya asali. Mbovu iliacha doa jeusi katikati, na ukilipapasa unasikia mchanga.

Jirani yetu, dereva wa lori la turbo, alikuja na karatasi zake wakabishana barazani. Bibi alitaka oili nzito kwa mashine yake kongwe iendayo taratibu. Jirani alitaka nyepesi, kwa sababu turbo huzunguka kasi mno na oili nzito huchelewa kuifikia injini ikiwa baridi. Walizinusa oili zote mbili, wakazisugua vidoleni, wakacheka. Kila mmoja alirudi kwake na oili yake.

Oili chafu ilikuwa na kazi moja tu. Tuliipaka nguzo za nyumba kwa burashi ya katani, mchwa wasizitafune. Nyumba nzima ilinuka, na bibi alituimbia wimbo uleule kila mara: "Iliyokwisha kutumika hairudi kwenye chuma."

"Mama, umeuziwa oili chafu," fundi aliniambia pale gereji. "Wanaichuja kwa kitambaa, wanaitia kwenye makopo mapya."

Nilishikwa na kinyaa ambacho hata sasa hakijanitoka. Mzee aliyeniuzia nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitakia safari njema! Zamani tulisema kizuri chajiuza. Siku hizi uchafu nao umevalishwa nguo mpya.

Fundi akasogeza beseni pembeni. "Hii iache tu, mama. Kuna jamaa hupita jioni kuichukua."

"Anaipeleka wapi?"

Akainama, akaendelea kufuta spana.

Nikaomba dumu, nikaimimina yote mwenyewe, nikapanda basi nalo hadi Ulaya huku abiria wakiziba pua. Mashine ya bibi iliuzwa chuma chakavu, na jirani yule tulishamzika. Nyumba sasa ni ya tofali na saruji, haina nguzo hata moja ya kupaka. Nilichokuta ni banda la kuku. Nikalipaka nguzo zote, nikarudia, nikarudia tena, mikono myeusi hadi viwikoni, mpaka dumu likakauka. Angalau hii haitarudi kwenye chuma cha mtu.