Mahbuba Awasha Udi Mapema

Mahbuba wa Wadi Kabir, hapa Muscat, hupika keki nzuri kuliko roho yake. Mikono ile yatoa krimu laini. Mdomo ule watoa misumari.

Asubuhi hiyo alikuwa na mgeni wa maana, Bi Ghaliya wa Qurum, mtaa wa wenye nazo, aliyekuja kuonja kabla ya kuagiza keki ya harusi ya bintiye. Akiipata kazi hiyo, mabibi wote wa Qurum watamjua. Ndiyo maana juu ya boksi la keki ya chokoleti, krimu nyeupe na cheri aliandika kwa wino wa dhahabu, Kijerumani kitupu: Schwarzwälder Kirschtorte. Watu wa Qurum hawathamini kitu wanachoweza kukitamka.

Mgeni wa pili hakualikwa. Shatha, wifi yake, alisoma Kijerumani muhula mmoja, na tangu hapo hata chafya anapiga kwa Kijerumani. Alilisoma boksi, akatabasamu kama paka aliyeona jiko wazi.

"Wifi, unajua jina hili limetoka wapi? Kirsch ni pombe ya cheri, wanaitengeneza huko kwenye Msitu Mweusi. Keki imeitwa kwa pombe yake."

Bi Ghaliya akarudisha uma mezani.

"Mie natia maji ya cheri ya kopo," alisema Mahbuba. "Na wako wanaosema jina limetokana na mavazi ya wanawake wa huko: gauni jeusi, blauzi nyeupe, kofia ya vishada vyekundu. Wajerumani wenyewe hawajakubaliana, weye wa muhula mmoja ushahukumu?"

"Nnaonya tu. Kofia hailevyi, wifi."

Mahbuba akainuka. Akaingia jikoni, akarudi na chetezo kinafuka udi, akakisimamisha chini ya pua ya Shatha. Muscat hakuna haja ya kumwambia mtu toka. Udi ukishapita, kikao kimekwisha, kila mtu anatafuta viatu vyake.

Shatha akajifukiza abaya taratibu, akaaga. Mahbuba akageuka na kisu cha kukatia keki mkononi, uso umemng'aa, akamkuta Bi Ghaliya naye amesimama, anajitanda shela.

"Kaa, Bi Ghaliya. Udi ule haukuwa wako."

"Udi hauna mwenyewe, mwanangu. Nikibaki nitaonekana nimekuja na njaa." Mlangoni akavaa kiatu cha pili. "Ungekata kwanza, ndiyo ufukize. Ya harusi nitaagiza kwengine."

Gari likaondoka. Mahbuba akakaa mbele ya keki nzima, akazing'oa cheri za juu, akizitafuna kama vidole vya Shatha.