Tarishi na Tairi la Nyasi

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupeleka barua. Alizunguka mji mzima kwa baiskeli ya chuma ya ofisi, jua liwake au mvua inyeshe, mkoba begani, mpaka watu wakazoea kumwita Tarishi na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu. Ofisi zilipoanza kuandikiana kwa kompyuta, aliambiwa asante kwa utumishi wako mwema, akapewa mkono wa kwaheri pamoja na ile baiskeli. Wenzake walioachishwa siku hiyo walilia. Yeye alipanda baiskeli akaenda nyumbani, akalala siku mbili, siku ya tatu akafungua karakana.

Karakana yenyewe ni chumba cha hatua tano kwa tatu, kimebanwa kati ya duka la kutoa nakala na chumba cha kushonea cha wifi yake. Magurudumu yananing'inia kwenye boriti. Mlangoni pana beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu. Ukutani misumari imepigiliwa safu kwa safu, kila spana na msumari wake, na ole wako urudishe ya kumi na tatu kwenye msumari wa kumi na nne. Ufundi hakufundishwa na mtu. Katika miaka ile yote ya barua hakuwahi kupeleka baiskeli yake kwa fundi hata mara moja. Ilipoharibika njiani aliifungua palepale, akaikodolea macho mpaka ikamwambia kinachoiuma.

Wateja wa mwanzo waliingia, wakamwona, wakauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Anakuja," aliwajibu, huku amekwishafungua gurudumu. Mteja akija kuchoka kumsubiri huyo fundi, baiskeli imeshapona.

Siku moja akaja kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli, bwana mrefu mkavu, asiyecheka ovyo. Alikuwa akiandaa safari ya siku saba kuvuka mbuga.

"Natafuta fundi wa kwenda nasi," alisema. "Kijana mwenye nguvu zake. Hapa mjini unamjua nani?"

"Kijana simjui," Tarishi alijibu bila kuinua kichwa. "Ila mimi najijua."

Cherehani ya jirani ilinyamaza ghafla. "Wifi!" sauti ikapenya ukutani. "Miaka hamsini na miwili, unakwenda kuvuka nyika? Na kaka yangu atakula nini?"

"Atakula alichokuwa akila kabla hajanioa."

"Alikuwa anakula kwangu!"

"Basi wifi yangu, ongeza maji kwenye sufuria."

Ndivyo alivyokwenda. Siku tatu za mwanzo hazikuwa na makuu: breki iliyolegea hapa, cheni iliyoruka pale. Siku ya nne ndiyo iliyokuwa na mambo.

Siku hiyo walikuwa na kilomita tisini na sita za nyasi tupu, hakuna mji wala duka. Gari la mizigo lilizunguka kwa barabara kuu, kwa sababu njia ya katikati ya mbuga ilikuwa nyembamba, imechimbwa na kwato za ng'ombe. Waliondoka alfajiri watu kumi na wanne, umande ukiwalowesha soksi. Nyasi ziliwafika magotini kulia na kushoto, zikaenda mpaka zikakutana na mbingu, na upepo ulipopita juu yake zililala na kuinuka kama mtu anayejigeuza usingizini.

Mahali pa Tarishi palikuwa mkiani. Mbele yake, kila siku, alikuwa Nesi, mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, aliyefanya kazi wodi ya waliovunjika mifupa na ambaye hakuwahi kusafiri kwa baiskeli zaidi ya kwenda sokoni. Mbele kabisa alikuwa Wakili, mwenye baiskeli mpya nyepesi unayoweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Asubuhi hiyo aliitazama ile ya Tarishi, keria imesheheni vifaa, akauliza, "Mama, hiyo ni baiskeli au kitanda cha chuma?"

"Kitanda, baba. Ukichoka utakuja kulala."

Watu wakacheka, na Wakili mwenyewe akacheka.

Saa nne waliingia kwenye miiba. Ilikuwa midogo, imelala chini kama punje za mtama, na mpaka wanatoka upande wa pili tairi tisa zilikuwa zimeisha upepo. Tarishi alikaa kwenye jua saa nzima na nusu akibandika viraka. Tyubu za akiba zikaisha, solusheni, ile gundi ya viraka, nayo akaikamua mpaka kichupa kikajikunja. Alipanda baiskeli akarudi mkiani.

Saa saba na nusu, wakiteremka korongo, Nesi alikosa njia akagonga jiwe lenye makali. Mlio wa tairi kupasuka ulisikika mpaka mbele. Hakuumia, ila tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni na tyubu imepasuka urefu wa kiganja.

Kundi lote likasimama. Kiongozi alitoa simu, akaiinua juu, akaishusha. Mtandao hakuna. Kilomita ishirini na tisa zilikuwa zimebaki, na upepo sasa uliwavumia usoni.

"Tyubu nyingine?" aliuliza.

Tarishi alitikisa kichwa.

"Basi baiskeli itabaki hapa. Nesi atabebwa kwenye keria."

"Keria ya nani?" Nesi alisema. Alijaribu kucheka, cheko likamfia mdomoni. "Mimi najijua uzito wangu. Nyinyi nendeni. Nitatembea taratibu, mkifika mtanitumia gari."

"Kilomita ishirini na tisa kwa miguu?" alisema Wakili. "Giza litakukuta katikati."

Likaanza bishano, huyu anasema hili, yule anasema lile. Tarishi alikuwa amechuchumaa pembeni, tairi mapajani, vidole vikipita kwenye ule mpasuko kama daktari anayetafuta mshipa. Aliwaacha wakasema mpaka wakaishiwa.

"Mmemaliza mkutano?" aliuliza. "Haya, kateni nyasi."

Walitazamana.

"Ndefu, zilizokauka. Mzisokote ziwe kamba, nene kama kidole gumba. Tairi linataka kujaa, halijali limejazwa nini."

Yeye alitoa sindano nene na uzi wa turubai. Akakata kipande cha chupa ya maji, akakipachika kwa ndani, kisha akaushona ule mpasuko mshono kwa mshono, meno yameuma ulimi. Wengine waliketi njiani wakisokota. Kamba zao zilifumuka kabla hazijafika nusu, isipokuwa za Wakili. Za Wakili zilitoka ngumu na sawa, moja baada ya nyingine.

"Wewe umeyajulia wapi haya?" Nesi alimuuliza.

"Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka," alisema Wakili, macho chini. "Likizo zote nilikuwa kwake."

Tarishi alizipokea zile kamba akazizungusha ndani ya tairi, akazishindilia kwa mpini wa kijiko cha kung'olea tairi, akaongeza, akashindilia tena. Upande wa mwisho ulipogoma kuingia kwenye rimu, watu watatu walishikilia gurudumu huku yeye akilivuta kwa viganja mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Likaingia.

"Uliwahi kufanya hivi?" Kiongozi aliuliza.

"Mara moja. Nilikuwa na barua ya shule moja ya mbali."

"Ilifika?"

"Barua ilifika. Tairi ndilo halikutaka kurudi."

Nesi alikwenda kuishika baiskeli yake. Tarishi akamzuia. "Wewe panda ile yangu."

"Mama, hapana. Uteseke kwa kosa langu?"

"Kosa la jiwe, mwanangu. Tairi la nyasi lina ukaidi wake, litakuangusha. Panda kitanda."

Kwa Tarishi ilikuwa kama kuendesha gunia. Gurudumu lilivuta upande, likayumba, na kila lilipofika kwenye mshono lilipiga *du*, *du*, *du*, mpaka ule mpigo ukamwingia kiunoni na kwenye meno. Hakuthubutu kuegemea kiti kwa uzito wote. Alisimama kwenye pedali, uzito akautupia mikononi. Nyuma ya kundi, peke yake na ule upepo, alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu. Anguko halikumtisha. Alihofia tairi lisije likafumuka mbele ya wote, kundi zima ligeuke limtazame, na katika macho yao alione lile swali la wateja wa mwanzo.

Baada ya kilomita tisa tairi lililegea. Alishuka, akaongeza nyasi, akapanda. Alipoinua macho aliona mtu amesimama njiani anamngoja. Ni Wakili. Aliondoka mbele yake, karibu kabisa, akautanua mgongo wake upepo ukagonga hapo. Tarishi alipopunguza mwendo, naye alipunguza. Mtu aliyekuwa akiwaacha wenzake vumbi siku nne mfululizo alikwenda vile kwa mwendo wa kuku, kilomita ishirini, bila kugeuka nyuma ila kusikiliza ile *du*, *du* kama bado ipo.

Mara ya pili tairi lilipolegea, walisimama wote kumi na wanne. Kila mtu alikwishaanza kukata nyasi kabla Tarishi hajafungua mdomo.

Walifika kambini jua likiwa limebakisha kiganja kimoja kuzigusa nyasi. Mpishi wa safari, aliyekuwa amejaa wasiwasi, aligonga kifuniko cha sufuria mpaka kikapinda. Tarishi alishuka, akaiegemeza baiskeli ya Nesi kwenye gari, akainama kukagua rimu. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu. Alipofungua tairi, ndani hapakuwa na kamba tena, ni unga wa majani tu, umemomonyoka kama majani ya chai.

"Leteni tyubu kutoka kwenye gari, niitie kabla..."

"Kabla ya nini?" Nesi alimkamata vifundo vya mikono, akaigeuza. Viganja vilikuwa vimevimba malengelenge, mengine yamepasuka. "Mama, kuanzia sasa uko wodini kwangu. Kaa."

"Dakika mbili tu..."

"Kaa!"

Akakaa. Nesi alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka dawa, akamfunga bandeji kidole kwa kidole. Wakili aliichukua tyubu na vile vijiko vya tairi, akaenda kuhangaika na lile gurudumu mwenyewe, akauliza swali kila baada ya dakika. Maswali matatu ya kwanza yalijibiwa. La nne halikujibiwa. Walipomtazama, Tarishi alikuwa amelala palepale kwenye kiti, kikombe cha chai kimesimama kati ya zile bandeji, hakijamwagika hata tone.

Kesho yake Kiongozi, ambaye katika safari kumi na moja hakuwahi kuchelewesha kuondoka hata kwa mgonjwa wa homa, alipita hema kwa hema akinong'ona: tutatoka saa moja badala ya saa kumi na mbili. Sababu hakuitaja, na hakuna aliyeiuliza. Walifunga mizigo kwa ncha za vidole. Mpishi alikoroga uji kwa mwiko aliouviringishia kitambaa.

Tarishi alitoka hemani jua limekwishapanda, akawaona watu kumi na watatu wamekaa kimya, kofia vichwani, mikono mapajani.

"Kuna msiba?" aliuliza. "Nani kafa?"

Wakaangua kicheko, hata Kiongozi.

"Chekeni tu," alisema Tarishi, akivuta baiskeli yake. "Saa nne upepo ukiwapiga usoni kwa huku kuchelewa kutoka, mtanijua."